Kuna Mwenye Maslahi?

Mkiwa kwenye kamati, mwenyekiti akiuliza, "Kuna mwenye maslahi katika jambo hili?", waheshimiwa wote huangalia dari. Nimeona dari nyingi zikiangaliwa katika maisha yangu ya kazi: dari ya mbao ya kanju, ile halmashauri ya zamani, dari nyeupe ya bunge la kaunti, na siku moja, ambayo ndiyo hasa nataka kuwasimulia, mabati ya kanisa moja kule Kiminini. Nimestaafu juzi tu, utamu wa keki ya kuniaga bado uko mdomoni, na nyinyi vijana wa ofisi ya kamati mmeniganda niandike. Haya, naandika. Ila msitafute humu nilipandishwa cheo lini au mshahara ulikuwaje. Hayo hayamfunzi mtu kitu, na mengine yanatia huzuni bure.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu nimeliacha, maana wote mnanijua: Mama Zuhura, wa karibu na msikiti, Kitale.

Kazi nilianzia Bungoma, enzi za kanju, kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nilipewa taipraita ambayo herufi moja ilikuwa imeng'oka, nikaambiwa niandike kumbukumbu za kikao cha soko. Niliandika nusu saa nzima kisha nikamwendea karani wa kamati, Mzee Simiyu, nikamwonyesha kurasa zilizojaa mapengo. Akazitazama akasema, "Sawa tu. Madiwani wetu hawasomi kalatasi, wanasikia." Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Bungoma tangu babu yake, mwenye koti moja la kijivu ambalo sijui kama lilipata kufuliwa au lilikuwa linajisafisha lenyewe. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakunywa chai yake nje, nyuma ya tangi la maji, ili nisimwone. Nilimwambia, "Mzee, mimi hainisumbui." Akajibu, "Inanisumbua mimi."

Zamani zile hakuna aliyewalazimisha madiwani kusema wana nini. Lakini Simiyu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kamati kujadili jambo lolote, liwe ni mfereji au leseni ya baa, alimwinamia mwenyekiti sikioni na mwenyekiti akawauliza wenzake kama kuna mwenye lake humo. Siku moja nilimwuliza anapata faida gani, maana jibu lilikuwa lile lile, hakuna.

"Binti yangu," akasema, "ukimwuliza mtu una nini, atakudanganya. Hata mimi nitakudanganya. Uliza hivi: hii kitu ikipita, nani kwako atacheka? Halafu nyamaza. Karani mzuri ni yule anajua kunyamaza akishauliza. Watu hawapendi kimya, wataweka kitu ndani."

Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, zenye chai na mandazi na vitabu vyenye jalada la kung'aa. Sijasikia neno linalolipita hilo.

Ugatuzi ulipokuja nilirudi nyumbani Kitale na kupewa dawati la maslahi katika bunge la kaunti. Mnajua kazi yenyewe. Kila aliyechaguliwa anaeleza mali yake, na ya mke au mume, na ya watoto wadogo, kwenye bahasha inayofungwa. Kisha kuna rejista ya maslahi, ambayo iko wazi kwa mwananchi yeyote anayeomba kuisoma kwa utaratibu. Na juu ya hayo yote kuna mdomo: mheshimiwa mwenye lake katika jambo linalojadiliwa sharti asimame aseme ni lipi, kabla neno lolote halijasemwa, kisha akae pembeni asipige kura. Vifaa vya kazi ni muhuri, ufunguo wa kabati, na kiti cha mgeni. Nunueni kiti kizuri cha mgeni. Mtu hasemi ukweli kwenye kiti kinachoyumba. Cha kwangu nilikitoa mwenyewe nyumbani, na kabla hamjauliza, ndiyo, nimeondoka nacho.

Walivyokuja kwenye kiti hicho! Kulikuwa na mheshimiwa mmoja aliyekubali kila kitu isipokuwa ploti moja ya Matisi. "Mama Zuhura, serikali ijue, hiyo sina shida. Mama watoto asijue." Nikamwambia rejista ni ya wananchi, na mama watoto ni mwananchi. Hakuamini mpaka mama mwenyewe alipofika kaunta, amejifunga leso vizuri, na kuomba kusoma kama sheria inavyomruhusu. Akasoma pole pole, akafunga, akanishukuru kwa adabu. Wiki hiyo mheshimiwa hakuonekana bungeni, na aliporudi alikuwa mpole sana kwenye mjadala wa ardhi.

Na kulikuwa na mama mmoja kutoka Kipsongo, aliyekuwa akiuza sukuma wiki kabla ya siasa kumpata. Yeye alilia. Alilia kwa sababu hakuwa na cha kutangaza. "Wenzangu wana mashamba, wana mashini za posho. Mimi niandike kibanda? Si watanicheka?" Akataka tuandike ploti aliyokuwa anatarajia kununua. Nikamwambia, mama, hapa tunaandika kilichopo, ndoto tunazipeleka kwa Mungu. Tukaandika kibanda. Mnisikilize vizuri hapa: watu hudhani wanasiasa huficha kwa sababu wana vingi. Nimekaa na dawati hilo miaka, na nawaambia aibu ya kukosa huficha mengi kuliko tamaa. Nilimhurumia yule mama siku ile na namhurumia mpaka leo.

Sasa nije kwa ng'ombe.

Mwenyekiti wa kamati ya kilimo wakati huo alikuwa Mheshimiwa Nyongesa, mtu mnene, mcheshi, mkulima kweli, si wale wa kulima na simu. Kaunti ilikuwa ilete mtambo mmoja wa kupozea maziwa upande wa Kiminini. Mmoja tu, na sehemu zilikuwa mbili: Kiminini penyewe, barabarani, karibu na wachuuzi wa maziwa, au kule ndani ng'ambo ya mto, karibu na wakulima. Nilipomwekea Nyongesa ile karatasi yenye swali, aliwauliza wenzake kwa sauti yake kubwa, kisha yeye mwenyewe akaangalia dari. Akasema, "Hakuna. Tuendelee."

Kabla ya chai ya saa nne alikuwa kwenye kiti changu cha mgeni, mlango ameufunga.

"Mama Zuhura, kule ng'ambo ya mto kuna mzee anaitwa Khaemba. Unamjua?"

Nilimjua kwa sifa. Kila aliyepita njia ile alijua zizi la Khaemba, ng'ombe wa maziwa wamejaa, weupe kwa weusi, wananawiri. Kwenye mikutano ya wakulima alikuwa anawekewa kiti cha mbele kwa sababu ya zizi hilo.

"Hizo ng'ombe ni zangu," Nyongesa akasema. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mimi mtoto wa mjini, wa kununua maziwa kwa paketi, nilidhani ni wizi. Akanieleza, na wale wenu ambao si wa huku nanyi sikilizeni. Khaemba ni bakoki wake, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na bakoki kwao ni zaidi ya ndugu. Miaka ile Khaemba alipofilisika na ugonjwa ukammalizia ng'ombe wote, Nyongesa alipeleka wa kwake kwenye zizi lake. Anayefuga anakunywa maziwa, anauza, anachukua mbolea. Mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe na ndama. Mambo hayo hufanywa sana, tena ni busara, maana ugonjwa ukiingia boma moja haukumalizi. Lakini yana sharti lake: hayasemwi. Mwenye ng'ombe akija kutembea, anasimama langoni kama mgeni na kusifu, "Ng'ombe zako zimenona." Naye mwenyeji anajibu, "Mungu anasaidia." Basi. Mtu anabaki na heshima yake.

"Ulimwambia nini siku ulipozipeleka?" nikamwuliza.

"Nilimwambia, bakoki, zizi lako liko tupu, wacha hizi zilale hapa. Hakuna kitu ingine tumewahi kusema. Hata yeye na mimi peke yetu hatujawahi kusema."

Nikamwuliza lile swali la Mzee Simiyu. Mtambo ukienda ng'ambo ya mto, nani kwako atacheka? Akacheka yeye mwenyewe, kwa uchungu. "Si mimi. Bei ikipanda hapo, ng'ombe zangu zinapanda. Najua. Nitasema, sikatai kusema. Lakini mimi nikisema, ni Khaemba ataumia."

Maana lilikuwako jingine. Kijana wa Khaemba, Wafula, alikuwa anaoa. Msichana anaitwa Nekesa, binti ya Mzee Makokha, mchuuzi mkubwa wa maziwa pale Kiminini. Makokha na wazee wake walikuwa wamekuja, wameonyeshwa zizi, wameridhika, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yanakaribia kufungwa. Na Makokha huyo huyo ndiye aliyekuwa anaongoza wanaotaka mtambo uende Kiminini. Kamati ingekaa na wananchi kuamua mahali, na Makokha angekuwa safu ya mbele.

"Naweza kuugua siku hiyo," Nyongesa akasema.

"Ukipona utaulizwa, Mheshimiwa."

"Nikisema tu nina maslahi, bila kusema gani?"

"Sheria inataka useme gani. Na Mheshimiwa, leo umeshasema hakuna, na imeandikwa. Nenda kwa Khaemba mwongee."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Mtu haendi kwa bakoki wake kumwambia hizo ng'ombe ni zangu. Afadhali niache siasa." Akatoka. Nilibaki nimeshika muhuri, moyo umeniuma kwa ajili ya wote wawili, na nasema wazi kwamba siku ile niliichukia kazi yangu.

Kikao kilifanyika kanisani, pale Kiminini. Watu walijaa mpaka nje. Wachuuzi upande mmoja na mitungi yao, wakulima upande wa pili na viatu vyao vya gambuti. Khaemba alikuwa kiti cha mbele, mzee mrefu, mkavu, kofia ameiweka magotini. Makokha alikaa mkabala naye, na walisalimiana kama watu watakaoitana wakwe. Pasta akaomba, mimi mwenyewe nikaitikia amina, kisha nikasimama kusoma utaratibu. Nikafika pale. "Kuna mwenye maslahi katika jambo hili?"

Nikanyamaza.

Nyongesa akasimama. Hakuwa na ucheshi hata chembe. "Kabla hatujaanza, mimi nina maslahi kwa hii jambo. Kwa ofisi nilisema hakuna. Haikuwa kweli. Ni maneno ya ng'ombe."

Akakwama hapo. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Ng'ombe gani, mheshimiwa? Si useme tu, bana!" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu walimwona uso. Nilikuwa na njia ya kumsaidia. Ningeweza kusema imetosha, tuendelee. Lakini haikuwa imetosha, na nilikuwa nimefundishwa kunyamaza. Nikafungua kalamu, nikasubiri.

Khaemba akaweka kofia yake kwenye kiti, akainuka.

"Mwenyekiti, keti," akasema. "Hii maneno wewe huwezi kusema. Wewe ukisema, utakuwa umenitukana mbele ya watu. Wacha niseme mimi. Mtu hawezi kujitukana." Akawageukia watu. "Ng'ombe ziko kwangu mnazijua. Maziwa nakunywa mimi, mbolea inaenda kwa shamba langu. Lakini si zangu. Ni za huyu. Zangu zilikufa zote, na huyu akaniletea zake, na hajawahi kuniuliza hata kikombe. Sasa andikeni."

Ndipo nikaona watu kanisa zima, wachuuzi kwa wakulima, wakitazama mabati. Hakuna aliyetaka kumtazama mzee yule usoni. Hata yule kijana wa nyuma aliinamisha kichwa. Nilimtazama mimi, kwa sababu nilikuwa naandika, na nikaona mikono yake haikuwa na mahali pa kukaa bila ile kofia.

Makokha alisimama taratibu.

"Kwa hivyo ulinionyesha mali ya mtu."

"Nilikuonyesha zizi. Hukuuliza."

"Ningeulizaje? Mtu anauliza hivyo?"

"Hapana," Khaemba akakubali. "Haiulizwi."

Makokha akatazama mlango. Nilidhani anatafuta njia ya kutoka nje na msichana wake asiolewe. Kisha akauliza, "Uko nazo tangu lini?"

"Tangu Wafula anatambaa."

"Na zenye zimekufa? Lazima kuna zenye zimekufa."

"Ile ugonjwa ya ndigana ilichukua zingine. Nilimpelekea ngozi. Kila moja ikikufa, nabeba ngozi mpaka kwake aone sikuchinja, sikuuza. Muulize."

Makokha akamgeukia Nyongesa. Nyongesa alitikisa kichwa kukubali, macho yake chini, na nilipotazama tena alikuwa anajifuta kwa leso.

"Mimi nilikuja kupigania mtambo," Makokha akasema, "si kuongea maneno ya mtoto wangu kwa kanisa. Lakini imeongewa, basi. Wazee wangu walinituma nihesabu ng'ombe, nikahesabu. Hakuna aliniambia nihesabu ngozi. Mtu amekaa na kitu ya mwenzake tangu mtoto anatambaa mpaka anaoa, na akipoteza anaenda kusema. Msichana wangu ataenda kwa hiyo boma." Akaanza kuketi, halafu akasimama tena. "Lakini mtambo, Khaemba, huo unakuja Kiminini."

Hapo ndipo kanisa lilipolipuka kwa kicheko, na Khaemba akacheka pia, na akapata kofia yake.

Na kweli mtambo ulienda Kiminini. Nyongesa alimwachia makamu wake kiti, akakaa nje chini ya ukuta wa kanisa wakati wenzake wanajadili, na bila sauti yake upande wa ng'ambo ya mto haukuwa na mtu wa kuusemea. Wakulima wake walimnunia. Nilimkuta pale nje nikamwambia pole. Akasema, "Mama Zuhura, hiyo mtambo tutaomba ingine. Lakini leo bakoki wangu amevuliwa nguo kwa sababu yangu. Hiyo nitaiombea wapi?" Nilitaka kumwambia kwamba alifanya sawa, na alifanya sawa, lakini maneno hayo siku ile hayakuwa na maana kwake.

Arusi ikaja. Walinialika, nami nikaenda na dada yangu, tumebeba sinia zetu kama inavyopasa. Siku ya kutoa mahari ng'ombe walitoka kwenye zizi lile lile, maana Nyongesa alimtumia Khaemba neno kwamba achague mwenyewe anaowataka, bakoki husaidiana kuwaoza vijana wao. Ndiyo, kabla hamjauliza: wiki iliyofuata Nyongesa alikuja mwenyewe ofisini kurekebisha rejista, ng'ombe wa mahari waondolewe. Nilimpa kiti.

Lakini nataka mkumbuke pale langoni, siku ya arusi. Tulikuwa watu wengi, na karibu wote walikuwako kanisani siku ile, wamesikia kwa masikio yao. Makokha na wazee wake wako ndani ya boma wanakunywa chai. Khaemba amesimama kando ya zizi amevaa koti jipya, anapokea wageni, na nilimwona anakaza macho njiani, kwa sababu Nyongesa alikuwa anakuja.

Nyongesa hakuingia moja kwa moja. Alisimama langoni kama mgeni, akatazama ng'ombe kwa muda, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mikutano, kila mtu asikie:

"Bakoki, ng'ombe zako zimenona."

Khaemba akashika ukingo wa zizi. "Mungu anasaidia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma yangu, aliyekuwa anatafuna kijiti, akapita mbele na kusema, Khaemba, ng'ombe zako zimenona. Halafu mwingine. Wakawa wanaingia hivyo, mmoja mmoja, na kila mmoja anasema maneno yale yale. Zamu yangu ikafika. Mimi ndiye niliyeandika kwa mkono wangu ng'ombe wale ni wa nani, pamoja na tarehe na muhuri, na rejista ile iko kabatini kwenu mpaka leo, someni.

Nikasimama langoni, nikashika sinia vizuri.

"Mzee Khaemba," nikasema, "ng'ombe zako zimenona."